Kabla Dada Mkubwa Hajalazwa

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi kanibwagia faili mezani kabla sijaweka hata mkoba chini. Hili ni lako sasa, kasema. Kwenye jalada, ofisa aliyenitangulia ameandika kwa penseli, herufi ndogo: Pole.

Neno moja tu! Nikajua nimepatikana.

Mwenye faili ni mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sitini na moja. Ugonjwa wa neva ulimnyang'anya mikono na miguu, na huu ni mwaka wa tisa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Maneno yanatoka, ila polepole mno. Anayemwosha, kumvisha, kumlisha na kumgeuza kitandani ni dada yake mkubwa, miaka sitini na nane, peke yake. Sasa mgongo wa dada umegoma. Ameshaahirisha upasuaji mara mbili kwa ajili ya mdogo wake, na daktari amemwambia hakuna mara ya tatu, miguu itakufa ganzi moja kwa moja. Analazwa Jumanne tarehe 25, asubuhi.

Tusipopata msaidizi hadi siku hiyo, Mwalimu anapelekwa makao ya watu wasiojiweza. Kitanda kimeshashikwa. Na dada amesema waziwazi: mdogo wangu akienda makao, mimi hospitali siendi.

Mwalimu amekwisha kukataa wasaidizi tisa.

Tisa! Mimi niliwahi kujaza hoteli nzima watu kwa wiki mbili. Miaka kumi na sita nimeajiri wahudumu, walinzi, madereva, mameneja wenye tai za kuazima. Mtu akiingia natazama viatu, natazama macho, basi, nimeshammaliza. Huku kwenye huduma za watu wenye ulemavu nina miezi minane, na viatu havijaniambia kitu hata siku moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwao. Nyumba ya vyumba vitatu, ngazi za mlangoni zimefunikwa kwa mbao za madawati ili kiti kipande. Sakafu inang'aa. Hakuna zulia hata moja, magurudumu hayapendi zulia.

Ukutani zinaning'inia mashati matano, yamepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. Nikauliza kwa nini asivae fulana, si ni rahisi zaidi? Mwalimu akachukua muda wake. Fulana ni ya mgonjwa, akasema. Yeye si mgonjwa, ni mtu asiyetembea.

Nikajiona nimekuwa mdogo kama kidonge.

Halafu nikafanya kosa la pili. Alikuwa anatafuta neno, nami nikammalizia. Akaanza sentensi nzima upya, tangu mwanzo, taratibu vilevile. Nilikoma.

Saa kumi wakaingia wanafunzi wanne wa mtihani. Yeye anapiga hesabu kichwani, wao wanaandika ubaoni. Mmoja aliruka hatua, Mwalimu akafumba macho tu. Mwanafunzi akafuta mwenyewe bila kuambiwa. Nimeona mameneja wa kampuni kubwa wasioweza hivyo hata kwa kupiga meza.

Wakati wa kuondoka akaniambia kuhusu makao. Wanasema kwa muda. Shuleni kwao kuna mwalimu aliletwa kwa muda, akastaafia pale pale. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewapata watano! Wote vijana wa kiume, wote na vyeti, wote na barua za polisi. Nimewachuja kwa simu, nimewachuja ofisini. Bado kikao cha tatu.

Hiki kikao cha tatu ni sheria ya Mkurugenzi na hakuna anayethubutu kuivunja. Kinafanyika nyumbani kwa anayehudumiwa. Anayeuliza ni yeye. Ofisa ajira anakaa kama gunia: hasemi, haitikii kwa kichwa, hata kukohoa anatoka nje. Neno la mwisho ni la mwenye nyumba. Kwenye fomu, penye neno mwajiri, jina linaloandikwa ni lake, si la shirika.

Sheria nzuri. Ila haikatazi kuwaandaa watu kabla! Nimeandika karatasi moja safi, nikawapa wote watano. Anapenda mashati ya vifungo. Usimmalizie neno. Ukimvisha, muulize kwanza uanze na mkono upi. Simama mbele yake, usimsemeshe kwa nyuma. Nimewafanyisha mazoezi kwenye chumba cha mikutano, mimi nimekaa kwenye kiti nikijifanya Mwalimu. Wameiva.

Jumatano, 12 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Mtihani wa Mwalimu ni mmoja: nivishe shati. Basi. Anakaa na fulana ya ndani, shati liko kwenye kiti jirani, na yeye anangoja.

Kaingia wa kwanza, akasimama mbele, akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia. Mwalimu, ungependa tuanze na mkono upi? Dada Mkubwa (hivyo ndivyo ninavyomwita sasa) akanitupia jicho la furaha. Nikachanua.

Kaingia wa pili. Akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia. Mwalimu, ungependa tuanze na mkono upi?

Kufika wa tatu ndipo nilipotambua kile kichwa. Ni changu! Mimi ndiye ninayeinamisha vile nikisema na watu. Wamenibeba mzimamzima. Wa nne naye hivyo hivyo. Nilitamani sakafu ipasuke, na siruhusiwi hata kukohoa.

Wa tano hata hajafungua mdomo, Mwalimu akamjibu: wa kushoto.

Walipotoka wote akanigeukia. Alichukua muda mrefu, nami nilimngoja kila silabi.

"Ofisa. Umeniletea mtu mmoja... mara tano."

Dada Mkubwa alikwenda jikoni. Nilisikia anafungua bomba na kulifunga, analifungua na kulifunga, wala hakuna chombo kilichooshwa.

Wamefika kumi na wanne sasa. Siku kumi na tatu zimebaki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekiri kwa Mkurugenzi. Alikuwa anasikiliza wasifu za watu kwenye kompyuta yake. Haoni tangu utotoni, na ile sauti ya mashine ameiweka kasi kama ya mnadi bidhaa aliyechelewa basi, mimi siambulii hata neno. Yeye anaisimamisha ghafla: hapo, rudisha, huyu kaongopa mwaka. Na kweli mtu kaongopa mwaka! Sijui anajuaje. Nimempenda huyu mama kuliko wakubwa wangu wote wa zamani, na sijawahi kumwambia.

Nilidhani atanichana. Akacheka, akacheka mpaka akavua miwani yake myeusi akafuta macho. Mwaka wake wa kwanza naye alimfundisha mtu karatasi. Mtu yule alipita vizuri sana, akakaa siku nne. Siku ya tano likatokea jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi, akamwacha anayemhudumia peke yake kitandani, akaenda kutafuta mtandao ampigie Mkurugenzi simu amuulize.

Nikauliza, sasa nifanye nini? Akasema, nenda ukaombe radhi, na ukiwa huko funga mdomo ufungue macho. Akarudisha mashine yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kuomba radhi. Siku yangu ya mapumziko, lakini ningelalaje.

Nikakuta Mwalimu ananyolewa ndevu. Kinyozi wake huja nyumbani Jumamosi, kila baada ya wiki mbili. Mtu mnene kiasi, miaka thelathini na kitu, aproni ya plastiki, saa kubwa ya mkononi. Dada Mkubwa akanivutia kiti nikakaa pembeni. Nikafunga mdomo.

Wembe ulikuwa shavuni Mwalimu alipoanza kusema. Kinyozi akauinua. Hakuusogeza mbali, aliuinua tu kidogo, akangoja. Mwalimu akatafuta neno lake. Sekunde kumi. Kumi na tano! Povu linakauka. Kinyozi hakumsaidia, wala hakutazama dirishani kama sisi wengine tunavyofanya tukijidai tuna subira. Alimtazama mdomoni. Neno likatoka: lilikuwa tusi la kirafiki kuhusu tumbo la kinyozi. Wakacheka wote wawili, wembe ukarudi kazini.

Miaka kumi na sita na miezi minane, sijawahi kumwona mtu anafanya kazi ninayoitafutia watu, mbele ya macho yangu bila kujua anafanyiwa usaili.

Nilimfuata nje. Duka lake limefungwa mwezi uliopita, jengo linabomolewa, sasa anazunguka na mkoba. Nikamwambia ninachotaka. Akanitazama kama nimemwambia akaendeshe ndege. Dada, mimi ni wa vichwa tu, akasema. Kuanzia shingoni kushuka siijui kazi.

Lakini kadi yangu kaichukua. Kaiweka pamoja na chanuo.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu kasema leo sijamsikiliza tangu asubuhi, nilikuwa nikimkagua anavyomenya viazi. Kweli. Akalalamika kwamba yeye nilimchukua bila usaili wowote. Nikamwambia mlikuwa watatu, wewe ulishinda kwa viatu. Kanuna mpaka chakula kilipoiva.

Kinyozi hajapiga simu.

Jumatatu, 17 Machi

Kaja mwenyewe! Bila simu, bila miadi, na mkoba wake wa mashine begani. Kakaa ukingoni mwa kiti.

Hakuwa na wasifu. Alikuwa na neno moja alilolibeba tangu Jumamosi, na akalitua hata kabla ya salamu kwisha.

"Choo siwezi, dada. Nisikudanganye. Kumwosha uso, kumvisha, kumlisha, hata kumbeba nitajifunza. Choo siwezi. Yule ni mwalimu wangu wa kidato cha pili."

Miezi hii minane nimewauliza watu wengi swali la choo. Wote husema hakuna shida kabisa, wanatabasamu, na siku ya tatu simu zao hazipatikani. Huyu kanijibu kabla sijauliza. Nikatamani kumkumbatia. Lakini kazi bila choo si kazi! Ni nusu ya kazi, na ile nusu nyingine ndiyo iliyomvunja Dada Mkubwa mgongo.

Mkurugenzi alikuwa amesikia yote kupitia mlango wazi. Akasema kwa sauti: uamuzi si wako wewe wala si wangu. Mpeleke kwa mwajiri.

Jumatano, 19 Machi

Kikao cha tatu. Mimi gunia.

Shati halikutajwa. Mwalimu aligoma moja kwa moja. Huyu ni kinyozi wangu, akasema, nikimwajiri nitabaki bila kinyozi. Alisema kwa hasira ya kweli, na ilimchukua karibu dakika nzima. Kinyozi akamsubiri hadi mwisho, kisha akasema ataendelea kumnyoa, kwani mikono ataiacha wapi?

Halafu kinyozi akarudia lile lake, mbele ya mwenyewe. Choo siwezi, Mwalimu. Uso ulikuwa umemwiva. Mimi nilikazia macho kucha zangu.

Mwalimu akaanza kusema. Ikakwama. Akaanza tena.

"Na mimi siwezi. Mwaka wa tisa... bado siwezi. Tutakuwa wawili."

Dada Mkubwa akasema naye hakuweza. Wiki ya kwanza alikuwa anafua huku analia, bomba limefunguliwa ili mdogo wake asisikie. Mwalimu akageuza macho kumtazama, nikaona kwamba hakuwahi kuambiwa hilo. Miaka tisa nyumba moja!

Mwalimu akatoa uamuzi: ajaribu. Kwenye fomu, penye mwajiri, Dada Mkubwa akaandika jina la mdogo wake, na yeye akalikagua herufi kwa herufi kama daftari la mwanafunzi.

Mkurugenzi ametoa kibali cha siku thelathini. Kinyozi anafundishwa pale nyumbani, mimi nipo kila asubuhi, cheti kitafuata. Nilitoka pale nikitembea kwa miguu mpaka ofisini, nimesahau kabisa kwamba nina nauli.

Ijumaa, 21 Machi

Mafunzo siku ya pili. Dada Mkubwa anafundisha akiwa amekaa, mkono kiunoni, sauti ya afande. Mkono mgumu zaidi kwanza ukimvisha, ule mlegevu kwanza ukimvua. Ubao unauingiza chini ya paja, hapo kati ya kitanda na kiti, halafu unamtelezesha, hunyanyui! Alinyanyua yeye miaka tisa kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna ubao. Anausema ule ubao kwa uchungu, kama mtu aliyeibiwa.

Kinyozi anashika haraka. Mikono mizuri. Kabla ya kumgusa anaiweka mbele, Mwalimu aione, kama anavyoonyesha kioo kwa mteja. Hakuna aliyemfundisha hilo. Ningeliandika kwenye karatasi, lakini karatasi nimeapa kuziacha.

Ila saa ya choo ikifika anamsukuma mpaka mlango wa bafu, hapo anasimama. Jasho linamtoka. Dada Mkubwa anainuka na mgongo wake, anaingia, anafunga mlango. Jana hivyo. Leo hivyo.

Makao wamepiga simu. Wanataka jibu Jumanne saa tatu kamili asubuhi, kitanda kina watu wengine wanakisubiri. Gari la hospitali nalo linakuja saa tatu. Nimewaambia jibu watalipata. Lipi, sijui.

Jumatatu, 24 Machi

Mpaka mlangoni tena. Akarudi nyuma, akaomba radhi kwa Mwalimu, akaenda kusimama uani. Dada Mkubwa akaingia naye, akatoka akiwa amejishikilia ukutani.

Baadaye nimemkuta anatoa nguo kwenye mkoba wake wa hospitali, anazirudisha kabatini moja moja. Nikazitoa kabatini, nikazirudisha mkobani. Akazitoa. Nikazirudisha. Nimeondoka mkoba umejaa, lakini simwamini.

Mkurugenzi kaniuliza leo kama najuta kuacha mahoteli. Kule nilikuwa najaza nafasi, nikamwambia. Nikasita, halafu nikasema: hapa naogopa. Akasema vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Saa mbili na dakika ishirini na tano. Jikoni kwa Mwalimu. Naandika kwa sababu nimejikataza kusema, na mkono usipokuwa na kazi nitasema.

Saa mbili kasoro kinyozi alimwamsha Mwalimu, akamwosha uso, akamtelezesha kwenye kiti. Safi. Akamsukuma mpaka mlango wa bafu. Akasimama. Dada Mkubwa akaanza kuinuka kama kawaida.

Kinyozi akavua saa yake. Akampa Dada Mkubwa aishike. Akaingia na Mwalimu, akafunga mlango.



Saa mbili na nusu. Dada Mkubwa amekaa mkabala nami, mkoba mapajani. Saa ya kinyozi ameishika kwa mikono miwili.

Saa mbili na dakika thelathini na nane. Maji yanamwagika. Yamekoma.

Kitu kimeanguka! Kitu kizito, plastiki, ndoo labda. Dada Mkubwa ameruka, na mgongo ule! Nimemshika mkono. Ananitazama kwa chuki kabisa. Sijamwachia. Hakuna aliyeita kutoka ndani. Hatuitwi, hatuingii.

Sasa Mwalimu anasema kitu. Hatusikii vizuri. Anaanza, inakwama, anaanza. Kinyozi hajibu. Anangoja. Tunangoja wote wanne, wawili huku na wawili kule, na ile sentensi inakwenda na kukwama na kwenda. Nimewahi kukaa mbele ya wakurugenzi wenye magari matatu nikadhani nimeona ukubwa. Sikuwa nimeona kitu.

Imeisha. Ni kinyozi anayeongea sasa, chinichini. Halafu kicheko kifupi, cha nani sijui, au ni kikohozi.

Saa mbili na dakika hamsini na tatu. Dada Mkubwa amenong'ona, si kwangu hasa: miaka tisa, sijawahi kuwa upande huu wa ule mlango.

Amevaa saa ya kinyozi mkononi. Inamzunguka, kubwa mno. Amekaa tena.

Makao wanapiga simu. Nimeizima sauti. Inatetemeka mezani karibu na kalamu.

Honi nje.

Bafuni bado. Maji tena. Mwalimu ametoa amri moja, kali, kama ya darasani, na kinyozi amesema ndiyo Mwalimu.

Honi ya pili. Dada Mkubwa amesimama. Nilidhani anaelekea bafuni, nikajiandaa kumzuia. Amechukua mkoba. Anapita mbele ya ule mlango bila kugonga, mkono ukutani, hatua, hatua nyingine, na simu inaanza upya, saa tatu kamili, na hajageuka, na mlango bado umefungwa, na jibu la makao sasa ninalo.